Mwalimu, Wapeleke Burma Kabla Hawajashika Gundi

Muhula unapokaribia kuisha, meza za madarasa mengi ya Eastlands, Nairobi, hujaa miradi: nyumba za katoni zenye taa ndogo, malori ya chupa za plastiki, vichujio vya maji ambavyo havijawahi kupitishiwa maji. Mingi imekatwa na kugandishwa usiku na mzazi aliyerudi kutoka kazini akiwa hoi, mtoto akimshikia tochi. Asubuhi mradi unapewa alama, unapigwa picha ya kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na kabla ya likizo umeshatupwa. Kinachonisikitisha ni kwamba tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mtu hata mmoja mwenye haja na kitu kile aliyekishika, akakijaribu, akasema kinamfaa au hakimfai. Mtoto amejifunza kupamba. Kubuni bado.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2017 na kufika Gredi ya 7 Januari 2023, unampa mwalimu nafasi ya kufanya vinginevyo. Somo la Pre-Technical Studies lina uchoraji, vifaa, zana, usalama wa karakana na hata ujasiriamali, na zoezi moja zuri la kuunda na kujaribu kitu laweza kuvigusa vyote. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote humu ni namna ya kuutekeleza: sampuli ya kwanza ya mwanafunzi iwe mbovu, isigharimu chochote, na iwe mikononi mwa mtu wa sokoni ndani ya wiki mbili. Kwa shule za Kaloleni, Makongeni, Maringo na Shauri Moyo, soko hilo ni Burma.

Burma liko kando ya Jogoo Road, karibu na Uwanja wa Joe Kadenge ambao wengi wetu bado tunauita City Stadium. Jina lake linawakumbusha watu askari wa Kiafrika waliopelekwa Asia kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini leo ukitaja Burma mtu wa Nairobi anafikiria nyama. Nyama hufika mapema kutoka vichinjioni. Mapaja na mbavu hubebwa begani na wanaume waliovaa makoti meupe. Mwenye hoteli hununua kwa jumla, mama wa nyumbani hununua nusu kilo, na kabla ya adhuhuri moshi wa nyama choma umeshaanza kupanda. Sababu inayonifanya nilipendekeze soko hili kwa darasa ni kwamba kazi zake ziko wazi na zinarudiwarudiwa. Gogo, panga, mizani, kulabu, karatasi: mwanafunzi akisimama kando ya bucha saa moja ataona tendo lile lile likifanywa mara nyingi, na watu tofauti, kwa mikono tofauti. Kiwandani utahitaji barua na kofia ngumu ili uone hivyo. Hapa unahitaji adabu tu.

Mbinu yenyewe ya fikra za ubunifu ilienezwa sana na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kwa hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kulitaja tatizo, kuwaza suluhisho nyingi, kuunda sampuli, kuijaribu. Hatua hizo ni sahihi. Shida ni kwamba zikibandikwa ukutani wanafunzi huzikariri kwa mfuatano na kudhani kila moja hupitwa mara moja tu. Katika kazi ya kweli, jaribio ndilo linalomrudisha mtu mwanzo na kumwonyesha kwamba hakumwelewa mtumiaji hata kidogo. Kwa hiyo usimalize vipindi vitatu ukifundisha hatua. Zieleze kwa dakika 10 katika kipindi cha dakika 40, kisha anzeni kupanga ziara.

Ziara ipangwe na viongozi wa wafanyabiashara mapema, pamoja na idhini ya mwalimu mkuu na wazazi. Usiwapeleke alfajiri nyama ikishushwa, wala saa ya chakula cha mchana. Saa nne asubuhi kuna nafasi ya kuongea. Darasa la wanafunzi 50 ligawe makundi ya watano watano, na kila kundi lipewe kibanda kimoja, siku tofauti ikilazimu. Mmoja aulize, mmoja aandike, mmoja achore, mmoja atunze saa. Wa tano asisikilize kabisa: kazi yake ni kuitazama mikono ya muuzaji. Msisitizie mchoraji kwamba atachora kwa penseli, hatapiga picha. Muuzaji akiona simu imeelekezwa kwake anafikiria kanjo au afisa wa afya, na mazungumzo yanakufa hapo hapo. Tena mchoro humlazimu mtoto aone kamba imefungwa wapi na kulabu imeingia wapi. Picha humruhusu asione.

Maswali ndiyo yanayoharibu ziara nyingi. Mwanafunzi humwendea mwenye bucha na kusema, "Mzee, ungependa tukutengenezee mfuko mzuri wa nyama?" Mzee atajibu ndiyo. Ana heshima zake, na mbele yake wamesimama watoto waliovaa sare. Jibu hilo halina kazi yoyote. Mfundishe mtoto kuuliza kuhusu jambo ambalo limekwisha kutokea: "Mama, mteja aliyeondoka sasa hivi umemfungia na nini? Karatasi hiyo unainunua wapi, na mzigo mmoja unakaa siku ngapi? Mara ya mwisho mteja kurudi kulalamika, alisema nini? Ukafanyaje?" Baada ya kila jibu, anyamaze na ahesabu moyoni hadi tano kabla ya swali linalofuata. Mtu mzima akiona mtoto amenyamaza akimsubiri, huongeza neno, na mara nyingi neno la nyongeza ndilo lenye habari. Kiswahili cha sokoni au Sheng vitumike bila woga. Ripoti itaandikwa lugha ya shule baadaye, lakini maneno ya muuzaji yaandikwe daftarini jinsi alivyoyasema.

Mkirudi darasani, anza na yule wa tano, mtazamaji wa mikono. Huenda muuzaji alisema kufunga nyama si tatizo, ila mikono yake ikaonekana ikiongeza karatasi ya pili kila mara, au ikifuta mizani baada ya kila mteja. Maneno yakienda huku na mikono kule, hapo kuna mradi.

Nitaufuata mfano mmoja ili ushauri huu ushike. Tangu 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kila bucha nchini ililazimika kutafuta namna nyingine ya kumfungia mteja nyama. Marufuku ilikuwa ya lazima. Aliyeona mitaro ya Nairobi ikiwa imeziba kwa nailoni hahitaji kuelezwa. Lakini nyama mbichi hutoa majimaji, na karatasi huloa. Ni tatizo dogo, liko mbele ya macho, linamhusu kila mtu, na mtoto wa miaka 13 anaweza kulishughulikia kwa mikono yake. Hayo ndiyo matatizo ya kutafuta. Kundi linalotaka kumaliza msongamano wa magari Jogoo Road kwa katoni na betri lirudishwe kwa upole.

Sasa walitaje tatizo. "Tunataka kutengeneza mfuko bora wa nyama" ni jina la bidhaa, halisemi tatizo ni la nani. Wadai mtu, wakati na madhara: mteja anayenunua kilo moja Burma jioni, akapanda matatu hadi Umoja akiwa amepakata mzigo, hufika karatasi imeloa na nguo zake zimechafuka. Kisha uliza: nani mwingine anaguswa? Watoto humsahau muuzaji, kwa kuwa wanafikiria mfuko ni wa mteja. Muuzaji ndiye atakayeufunga, Jumamosi jioni foleni ikiwa ndefu, mikono ina mafuta, na kila sekunde anayoongezewa ni mteja anayehamia bucha jirani. Yupo pia makanga asiyetaka kiti chake kichafuliwe, na mwenye hoteli anayenunua kilo 20 ambaye mfuko huo haumhusu hata kidogo. Kundi lichague linamhudumia nani na liandike jina la kazi ya mtu huyo juu ya ukurasa.

Kabla ya kukata hata kipande kimoja cha karatasi, waandike masharti ya kufaulu kwa tarakimu. Katika mfano wetu: kusiwe na tone hata moja kwa dakika 40; ubebe kilo moja bila kuchanika; kufunga kusizidi muda ambao muuzaji hutumia sasa, na muda huo tayari mtunza saa aliupima sokoni; gharama isizidi ile ya karatasi anayonunua sasa. Masharti yakiandikwa mapema hayawezi kupindishwa baadaye ili kazi ionekane imefaulu. Mtaona ajabu jinsi mjadala wa kundi unavyobadilika: badala ya kubishana nani ana wazo zuri, wanabishana kuhusu dakika na shilingi.

Hapa ndipo ninapomwomba mwalimu awapeleke watoto hatua chache zaidi, hadi kwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji. Nyundo hugonga bati kule kutwa nzima, na moja ya bidhaa zinazotoka ni jiko ambalo wanafunzi wako wengi wamekulia nalo nyumbani: jiko la bati lenye kiuno, lililowekwa udongo ndani. Historia yake ni somo kamili la kuunda na kujaribu, na imetendeka mtaani mwao. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na miaka iliyofuata wataalamu, shirika la KENGO na mafundi, Maxwell Kinyanjui akiwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo, walihangaika na jiko la makaa la bati tupu. Jiko lile la zamani lilipoteza moto mwingi kupitia kuta zake. Wazo la kuweka udongo ndani ya bati lilitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko la umbo la ndoo. Lilipoletwa huku halikuchukuliwa lilivyo. Udongo na bati hupanuka kwa viwango tofauti vikipata joto, na udongo wa majiko ya mwanzo ulipasuka. Umbo likabadilishwa. Udongo ukabaki nusu ya juu peke yake, jambo lililopunguza uzito na bei; kiuno kikabanwa; kitako kikapanuliwa ili jiko lisimame imara, na mpishi wa ugali anajua kwa nini hilo ni muhimu.

Mambo mawili katika historia hiyo yafundishwe kwa makini. La kwanza, mgawanyo wa kazi: mfinyanzi alitengeneza udongo, fundi wa bati akatengeneza ganda, na yeyote kati yao angeweza kusema "hili haliwezekani kwa zana zangu" na muundo ukabadilika. Sampuli inayohitaji mashine ambayo fundi wa mtaani hana itabaki kuwa pambo. La pili, namna walivyopima. Watafiti wa majiko wa miaka ya 1980 walizoea ngazi tatu za jaribio. Kwanza unachemsha maji tu, ili ujue jiko linatumia makaa kiasi gani hali zote zikiwa sawa. Kisha mpishi anapika chakula kile kile kwenye jiko la zamani na jipya. Mwisho jiko linaachwa nyumbani kwa watu, wanaishi nalo siku kadhaa, makaa yakipimwa. Jiko linaweza kufaulu ngazi ya kwanza na kuanguka ya tatu, kwa sababu sufuria ya mama huyo ni ndogo, au kwa sababu anapika maharagwe kutwa. Jiko la udongo lilipata kuokoa kiasi cha thuluthi moja hadi nusu ya makaa ukililinganisha na lile la bati, likasambaa hadi nchi jirani. Halikuwekewa hataza, hivyo fundi yeyote aliweza kuliiga. Mwombe fundi awaonyeshe watoto bati linakatwa wapi na kwa nini hapo. Atawaeleza vizuri kuliko kitabu.

Turudi darasani. Sampuli ya kwanza iundwe katika kipindi kimoja, kwa takataka safi: katoni, karatasi ya kaki, gunia kuukuu, vitambaa, kamba ya katani. Piga marufuku rangi na mapambo. Kitu kilichopakwa rangi mtoto hukionea huruma na hukubali kasoro zake. Tena kila kundi liunde sampuli tatu zisizofanana, kamwe isiwe moja. Mtoto akiwa na moja ataitetea. Akiwa na tatu atazilinganisha. Wachochee kwa vitu wanavyovijua: jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, namna kiondo kinavyosambaza uzito, namna samosa inavyokunjwa isifunguke. Mmoja atakunja bahasha ya kaki isiyo na mshono chini. Mwingine atapendekeza kitambaa cha kufuliwa ambacho mteja anakuja nacho. Wa tatu, na huyu msikilize sana, atasema majimaji yasizuiwe bali yanywewe, na ataweka tabaka linalofyonza chini ya nyama. Hilo ni wazo la aina tofauti kabisa, na kundi lisingelifikia kama ungewaambia mapema kwamba kazi ni kuziba mfuko.

Kuhusu usalama sitazunguka. Wembe na visu vikae mezani kwa mwalimu na vihesabiwe. Bati halishikwi bila glovu. Pini za stapla zisikaribie kitu cha kuwekea chakula, na gazeti lenye wino lisigusane na nyama hata kama baadhi ya wauzaji hufanya hivyo. Nyama halisi isitumiwe katika majaribio ya darasani. Itaoza, itanuka, na itaharibika bure.

Badala yake, chukua sponji au vitambaa, viloweshe maji yenye rangi nyekundu ya chakula mpaka mzigo wote ufike kilo moja kwenye mizani. Tundika sampuli kwenye msumari, weka karatasi nyeupe chini, anza saa. Hesabuni matone kila baada ya dakika 5 na mchore jedwali ubaoni. Sasa jambo ambalo miradi mingi ya shule hulisahau: tundika pia karatasi ambayo muuzaji anaitumia leo. Bila hiyo hamna cha kulinganisha nacho, na hamwezi kusema sampuli yenu ni bora kuliko nini. Kila sampuli ijaribiwe mara tatu, kwa kuwa mfuko mmoja unaweza kufaulu kwa bahati. Na wakitaka kurekebisha, wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kundi likibadilisha karatasi, mkunjo na kamba siku moja, matone yakipungua halitajua ni kipi kilichofanya kazi, na litalazimika kuanza upya. Waache waanze upya. Ni hasara ya kipindi kimoja, na hawataisahau.

Ngazi ya pili ni kuiga safari. Mwanafunzi abebe mzigo akitembea kuzunguka uwanja, aupakate akiwa amekaa kwenye benchi, mwenzake amsukume begani kama matatu ikipita kwenye matuta. Hapa ndipo mishikio hukatika. Sampuli iliyotulia msumarini dakika 40 inaweza kuchanika kwenye pakato kwa dakika 10, kwa kuwa goti linaibonyeza katikati na majimaji yanatafuta kona. Andikeni ilichanika wapi, mchore mahali penyewe, mweke vipande kwenye bahasha yenye tarehe. Sampuli iliyokufa isitupwe.

Ngazi ya tatu ni Burma tena. Kundi limpelekee muuzaji yule yule sampuli iliyobaki, bado mbovu, bado ya kaki. Na hapa mwanafunzi anahitaji nidhamu ngumu kuliko zote: asieleze. Ampe mama mfuko mikononi, aseme tu, "Mama, tunaomba ufunge kama unavyomfungia mteja," kisha arudi nyuma na afunge mdomo. Mama akiukunja kinyume, usimsahihishe. Akiulizia upande wa juu ni upi, hapo mmepata kasoro ya kwanza. Akiuweka kando na kuchukua gazeti kwa sababu foleni imekuja, mmepata kasoro kubwa zaidi. Mtunza saa anaandika sekunde. Mtazamaji wa mikono anaandika kila kitendo. Mtoto anayejifunza kukaa kimya huku kazi yake ikishindwa mbele ya macho yake amepata kitu ambacho wahandisi wengi watu wazima hawana. Nalisema hili kwa uzito wote. Kishawishi cha kueleza ni kikubwa sana, na kila unapoeleza unauficha ukweli uliokuja kuutafuta.

Wawe tayari pia kuona kitu kikitumika kwa namna ambayo hawakuipanga. Wakenya tuna mfano wa wazi. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Oktoba 2005, kwa ushirikiano wa Safaricom, Vodafone na Faulu Kenya, lengo lilikuwa wakopaji walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma hiyo wakaanza kutumiana pesa, kulipiana, na hata kuziweka kwenye simu wanaposafiri ili zisiibwe njiani. Waliokuwa wakiendesha jaribio waliyatazama hayo wakabadilisha mpango, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa ilijengwa juu ya kutuma pesa. Kama wangeshikilia swali lao la mikopo na kuyaita matumizi mengine makosa, sijui leo tungekuwa tunalipaje nauli. Kwa hiyo mama wa bucha akiikataa sampuli kwa nyama lakini akaichukua kufungia maini, au mifupa ya supu ya jirani yake, kundi liandike hilo kwa herufi kubwa.

Alama sasa, kwa kuwa mwalimu lazima azitoe na wazazi lazima wazione. Viwango vya mtaala, kutoka kuwa mbali na matarajio hadi kuzidisha matarajio, vinatosha kabisa kama utabadilisha kinachopimwa. Usipime sampuli ya mwisho. Pima daftari. Nataka kuona maneno ya muuzaji yalivyosemwa, tatizo lilivyoandikwa mara ya kwanza na lilivyoandikwa tena baada ya jaribio, jedwali la matone, michoro ya mahali palipochanika, na kwa kila badiliko sababu iliyotoka kwenye jaribio. Kundi lenye mfuko uliofeli na daftari linaloonyesha kwa nini umefeli limefikia matarajio, pengine limeyazidisha. Kundi lenye mfuko maridadi na daftari tupu halijayakaribia, na mzazi aliyeukata usiku ataelewa ukimweleza hivyo mwanzoni mwa muhula. Mweleze kweli, kikaoni, mapema: kazi ya mzazi ni kuuliza maswali na kukubali kujaribishwa kama mteja. Mkasi ni wa mtoto. Hili pia linaipunguzia familia gharama, na malalamiko ya wazazi kuhusu kununuliana vifaa vya miradi tunayajua sote.

Kuna walimu watakaoniambia darasa ni kubwa na silabasi ni ndefu. Ni kweli, na sina dawa ya ukubwa wa darasa. Ila miradi minne ya kupamba kwa muhula inachukua muda mwingi kuliko mmoja wa kujaribu. Fanya mmoja. Wiki ya kwanza ziara na maswali, ya pili tatizo na masharti na sampuli za mwanzo, kisha wiki tatu au nne za kujaribu na kurekebisha, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Mwalimu wa Hisabati anaweza kulichukua jedwali la matone, wa Kiswahili akachukua mahojiano, wa Sayansi akaeleza kwa nini kitambaa hufyonza na karatasi yenye nta haifyonzi.

Mwisho wa muhula, kila kundi lirudi kwa muuzaji wake na matokeo, si na zawadi. Limsomee daftari kwa dakika 5: ulituambia hivi, tukajaribu vile, ikafika hapa. Kama sampuli imefikia masharti, limwulize kama atakaa nazo kumi kwa wiki moja, na lirudi kuhesabu ngapi zimetumika na ngapi zimekaa kwenye kona. Idadi hiyo ina uzito kuliko sifa zozote atakazowapa. Zikitumika zote, ndipo mpelekeeni fundi wa Kamukunji au mshonaji wa Gikomba aseme mia moja zitagharimu kiasi gani, na ndipo mfikirie maonyesho ya sayansi. Zikikaa kwenye kona, mwulizeni mama ni siku gani aliacha kuzitumia na siku hiyo kulikuwa na nini, mwandike jibu lake kwenye ukurasa wa mwisho, na daftari libaki shuleni pamoja na bahasha ya vipande vilivyochanika. Gredi inayokuja ipewe daftari hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kupangiwa ziara, ianzie pale wenzao walipokwama.